Paka na Mbwa Wamenyesha vya Kutosha

Hivi ni nani aliyekaa kikao akaamua kwamba kijana wa nchi hii, kabla hajamaliza riwaya hata moja ya Kiingereza, sharti kwanza ajue kuwa kwa Waingereza hunyesha paka na mbwa? Maana ingia darasa la sekondari, la mjini au la shamba, ukae nyuma kimya. Hazitapita wiki nyingi kabla hujawaona paka na mbwa wale wale ubaoni, na chini yao ndoo inapigwa teke, na mkono wa kulia maana zake zimepangwa kama bei za bucha. Wanafunzi wananakili. Wiki ijayo jaribio. Wiki inayofuata wamesahau, na wana haki ya kusahau, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kukutana na wanyama hao nje ya ubao.

Mimi nasema orodha hizi zinaua wasomaji, na sitanii. Tazama mambo yanavyokwenda. Kijana anatoka shule ya msingi alikofundishwa kila somo kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza, ghafla kila kitu Kiingereza. Akipata bahati ya kuangukiwa na riwaya, ukurasa wa kwanza tu anakutana na msemo asioujua. Anakumbuka orodha. Msemo haumo. Basi anajiambia: Kiingereza changu bado, ngoja kwanza nikajifunze. Anakifunga kitabu ili akajifunze lugha iliyomo ndani ya kitabu alichokifunga! Ndipo tunapompoteza, jamani, na harudi. Baadaye mnakaa kwenye semina mnaulizana kwa nini vijana hawasomi.

Wenye vijitabu vya nahau wana hoja yao na si vizuri kuwakatia. Wanasema: maana ya nahau haipatikani kwa kujumlisha maana ya neno moja moja, kwa hiyo haina budi kukaririwa. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli tupu. Nusu ya pili ni biashara ya vijitabu.

Kwani wewe “kuingia mitini” ulikariri wapi? Hakuna mwalimu aliyekuandikia ubaoni kwamba ni kutoweka, hasa pale unapodaiwa. Ulikuwa kijiweni, mshikaji mmoja akasema fulani alikopa hela, ilipofika siku ya kulipa kaingia mitini. Kariakoo yote haina miti ya kutosha kumficha mtu mzima mwenye deni. Ukajua palepale kwamba miti si miti. Siku ya pili ukaisikia tena, kwa habari ya mwanamume aliyempa binti wa watu mimba, na siku ya tatu wewe mwenyewe ukaitumia. Ndivyo ulivyopata “kula kona”, ndivyo ulivyopata “kumwaga unga”, “kupata jiko”, “kuvaa miwani”. Mpaka leo ukiambiwa uandike maana zake kwa mpangilio wa alfabeti utakuna kichwa, lakini kuzitumia hukosei hata ukiwa usingizini. Akili hiyo hiyo, iliyo kali hivyo kijiweni, ukiikalisha mbele ya kitabu cha Kiingereza inageuka bubu. Haikupungukiwa kitu. Imefundishwa kuogopa, basi.

Tuchukue mfano. Unasoma hadithi. Mwanamume anarudi nyumbani saa nne asubuhi, siku ya kazi. Mkewe yuko uani anafua. Anamtazama usoni, haulizi kitu. Mume anakaa kwenye ngazi, anavua viatu, halafu anasema: “I got the sack.” Mke anaacha kufua. Anauliza kodi ya nyumba itakuwaje.

Mtu wa orodha, kama msemo huu haukuwamo kwenye arobaini zake, atakwama hapo. “Sack” ni gunia, basi bwana kapewa gunia. Gunia la nini, la mahindi? Mbona mke hafurahi? Sasa wewe usimcheke, maana kwenye hilo “mbona” ndipo kazi inapoanza. Gunia la zawadi halimfanyi mtu aulize kodi. Saa nne asubuhi, siku ya kazi. Uso ambao hauhitaji kuulizwa. Viatu vinavuliwa kana kwamba havitavaliwa tena kesho. Kafukuzwa kazi huyu! Kamwaga unga! Na ona mambo yanavyochekesha: Mwingereza hupewa gunia, sisi humwaga unga. Ukitaka historia, husimuliwa kwamba fundi wa zamani alikuwa na vifaa vyake ndani ya gunia, na tajiri akimchoka humrudishia gunia lake aende zake. Wafaransa nao walikuwa na msemo kama huo tangu karne ya 17. Ni historia nzuri ya kusimulia kwenye chai. Lakini uliipata baada ya kuelewa, hukuihitaji ili uelewe. Uliyemhitaji ni yule mke na swali lake la kodi.

Wakati mwingine Kiswahili chako chenyewe ndicho kitakachokuvusha, halafu kikutegee mguu ukishafika ng'ambo. Msemo wa chumvi ni mfano mtamu. Mhusika anaambiwa habari fulani, anajibu kwamba maneno ya yule mama jirani ni ya kupokea “with a grain of salt”. Wewe moja kwa moja unawaza kutia chumvi: habari imezidishwa. Umekaribia sana, karibu uguse. Lakini angalia ni nani ameshika kopo la chumvi. Kwetu chumvi hutiwa na msimuliaji. Kwao hutiwa na msikilizaji, ili aweze kumeza jambo linalomkwama kooni. Chanzo hutajwa kuwa Pliny, Mrumi wa karne ya 1, aliyeandika habari za dawa ya kukinga sumu ya mfalme Mithridates, dawa iliyoongezwa punje ya chumvi. Msomaji aliyeiona tofauti hiyo ya mikono amejifunza kitu juu ya lugha mbili kwa mpigo mmoja: sisi tunamshuku msemaji, wao wanajihami wasikilizaji. Orodha ingempa neno moja tu, “mashaka”, na yule mama jirani angepotea kabisa.

Sasa niwape msemo ambao kwa maoni yangu Mswahili anaufaidi kuliko Mwingereza mwenyewe. “At the eleventh hour.” Maana yake Mwingereza anaijua: dakika za mwisho kabisa, jambo likiwa karibu kuharibika. Ila muulize kwa nini ya kumi na moja. Kwa saa yake ya ukutani ni rahisi awaze saa tano ya usiku, kwamba bado saa moja siku igeuke. Siyo. Msemo umetoka kwenye mfano wa Yesu wa vibarua wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20. Mwenye shamba anatoka alfajiri kuajiri watu, anatoka tena saa tatu, na saa sita, na saa tisa, na mwisho saa kumi na moja anawakuta wengine bado wamesimama, hakuna aliyewachukua. Saa hizo zinahesabiwa tangu jua linapochomoza. Na nani hapa duniani bado anahesabu saa zake hivyo? Si sisi! Saa kumi na moja kwa Mswahili ni jua linaelekea kuzama, mama ntilie anakusanya sufuria zake, kibarua anakung'uta jembe. Imebaki saa moja tu siku ya kazi iishe. Mswahili haambiwi hapo. Anauona mwanga wenyewe, ule wa manjano, na anamwona kibarua wa mwisho anavyokimbia kuingia shambani.

Na bado utakuta kijitabu kinamfundisha mtoto wa Kiswahili msemo huo kana kwamba ni jiwe lililodondoka kutoka mwezini! Mtangazaji wetu wa mpira angesema “dakika za lala salama”, na redio nzima ingekaa kimya kusubiri.

Biblia imewaachia Waingereza shehena ya misemo. Maandishi ukutani ni ya Belshaza, Danieli 5. Miguu ya udongo ni Danieli 2. Kuponea ngozi ya meno ni Ayubu, sura ya 19. Tone katika ndoo ni Isaya 40. Aliyesoma Biblia ya Kiswahili, au aliyekuwa akisomewa na bibi yake jioni, ana ufunguo mfukoni na hajui kama anao. Hivyo hivyo aliyesoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, haulizi “pound of flesh” ni kitu gani. Anamwona mkopeshaji mahakamani anadai ratili yake ya nyama ya mtu, na kisu anacho.

Na bahari je? Waingereza ni watu wa kisiwa, merikebu zao zimewaachia mafumbo chungu nzima. Mtu mzoefu wa kazi wanasema anazijua kamba. “By and large”, wanayoitumia kusema “kwa ujumla”, ilikuwa lugha ya mabaharia, juu ya chombo kukabili upepo na kwenda nao. Lakini ninaoupenda zaidi ni ule wa mlevi, “three sheets to the wind”. Usipojua kwamba “sheet” hapo si shuka, ni kamba inayoshikia tanga, utahangaika na mashuka matatu yanayopeperuka kwenye kamba ya kufulia. Haidhuru. Sentensi inakwambia bwana huyo anatoka baa saa saba usiku, anaigonga nguzo ya umeme, kisha anaiomba radhi. Kavaa miwani, basi! Kamba zimefunguka, tanga linapigapiga, chombo kinayumba. Mtoto wa mvuvi wa Kilwa au Mafia, aliyewahi kuona ngalawa ikiponyokwa na kamba ya tanga, anaupata msemo huu mwilini kabla haujamfika kichwani. Kijana wa Birmingham, mji usio na bahari, hana urithi mkubwa kuliko wa huyu.

Tena sisi wenyewe tunaogelea humo humo. Tunasema mambo yamekwenda mrama, tumekaa mezani tunakunywa chai, wala hatukumbuki kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu. Tunasema fulani kapwelewa, hatuyaoni maji yaliyokupwa yakamwacha juu ya mchanga. Magazeti yanaandika ligi imeng'oa nanga, uwanja wenyewe uko katikati ya bara! Hakuna aliyetukaririsha. Lugha imetulea.

Nisiwe kama muuza dawa wa mnadani, eti moja inatibu yote. Kuna misemo haifunguki siku ya kwanza. Kwenye riwaya ya upelelezi inspekta anasema barua ile ilikuwa “a red herring”. Samaki mwekundu? Hakuna jiko, hakuna bahari, hakuna hata njaa. Iache. Weka alama ya penseli, endelea na safari. Kurasa thelathini mbele inathibitika kwamba barua iliandikwa makusudi ili polisi wamfuate mtu asiyehusika. Aa! Changa la macho! Sasa unayo, na hutaisahau kwa kuwa umeipata kwa jasho. Aliyemfuata Willy Gamba wa Musiba au Joram Kiango wa Mtobwa amezoea kupotezwa njia namna hiyo. Hila anaijua siku nyingi, alichokosa ni jina lake la Kiingereza tu. Halafu siku moja, kwa raha zako, utakuja kusoma kwamba mwaka 1807 mwandishi William Cobbett alisimulia gazetini kwake jinsi alivyotumia samaki wa moshi, enzi za utoto, kuwapoteza njia mbwa wa kuwindia. Alikuwa akiwasema waandishi wenziwe waliokimbilia habari ya uongo kwamba Napoleon ameshindwa. Msemo wa ugomvi wa magazeti. Kumbe ni ndugu yetu.

Ile ndoo ya kifo nayo imo kwenye kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, ya mwaka 1785, na hadi leo wataalamu hawajakubaliana ilikuwa ndoo gani. Wengine wanasema si ndoo kabisa, ni mti wa kumning'inizia nguruwe anayechinjwa. Ndiyo maana nacheka mtu anaponiambia nahau haieleweki bila kujua asili yake. Waingereza wamekuwa wakiipiga teke ndoo hiyo kwa zaidi ya miaka 200 bila kujua imetoka kisima gani. Na paka na mbwa ni vilevile: Jonathan Swift kawaandika mwaka 1738, hadithi za walivyopanda kwenye mapaa ya nyasi wakateleza na mvua ni porojo tu za watu wenye nafasi.

Wala usidhani wenye lugha hawapotezani wao kwa wao. Churchill ameeleza katika kumbukumbu zake za Vita ya Pili ya Dunia jinsi maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyogombana kwa muda mrefu juu ya karatasi moja. Waingereza walitaka kui-“table”. Wamarekani wakakataa katakata. Kwa Mwingereza, kuweka jambo mezani ni kulileta lijadiliwe sasa hivi, kama Bunge letu linavyowasilisha hati mezani. Kwa Mmarekani, ni kuliweka pembeni lisubiri. Pande zote mbili zilitaka kitu kimoja na zilikuwa zinapigania kitu hicho kimoja! Kamusi zote mbili zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza: hivi wewe ukisema hivyo unataka nini kitokee?

Swali hilo ndilo ninalolitaka mimi. Siku hizi simu inakupa jibu kabla hujamaliza kuuliza. Sawa, sikatai simu, na kamusi naiheshimu. Ninachokataa ni kuanza nayo. Mnakumbuka vitendawili? Ukishindwa, unatoa mji. Lakini ni nani anayetoa mji kabla hajajaribu? Vijana wetu wamegawa Tanga, wamegawa Mombasa, wamegawa na Unguja yote, kitendawili chenyewe hakijategwa. Kisia kwanza, bwana. Kipeleke kisio chako kwenye sentensi inayofuata uone kama kinakaa. Kikipwaya, kisia tena. Ukifika kwenye kamusi uende kama shahidi aliyeyaona, si kama ombaomba.

Na hebu tuulizane: ni nani hawa tunaowaogopa? Wengi wetu mijini, sisi na kaka zetu, Kiingereza cha raha tulikipata kwa James Hadley Chase, vile vitabu vilivyochakaa vya kwenye meza za barabarani, jalada bunduki na mwanamke. Tulimeza humo lugha ya majambazi wa Marekani tukaamini ndiyo yenyewe, imetoka jikoni. Sasa sikieni. Jina lake la kuzaliwa ni René Raymond, mtoto wa London, aliyezaliwa mwaka 1906. Alikuwa mtu wa biashara ya vitabu. Alipotoa No Orchids for Miss Blandish, mwaka 1939, hakuwa ameishi Marekani. Alikaa Uingereza na ramani na kamusi ya lugha ya mitaani ya Wamarekani, akaandika. George Orwell alipomjadili mwaka 1944 alilishangaa jambo hilo hilo, kwamba Mwingereza huyu amejihamishia kabisa kwenye ulimwengu wa wahuni wa ng'ambo. Yaani ile misemo iliyotutetemesha, mwenyewe aliitoa kitabuni! Mimi habari hii haikunipunguzia raha ya Chase hata kidogo. Ilinipunguzia woga. Kama yeye aliweza kuingia lugha ya mtaa asioujua akatoka na riwaya, sisi tunashindwaje kuingia riwaya yake tukatoka na maana?

Geuza na upande wa pili. Mwaka 1958 Chinua Achebe aliwatolea Waingereza Things Fall Apart, ambayo sisi tunayo kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo. Kaijaza methali za Kiigbo, kaziacha ziseme zenyewe vinywani mwa wazee wake. Msomaji wa London hakufunga kitabu akasema ngoja kwanza nijifunze Kiigbo. Alisoma, akakisia, akasonga mbele. Kwa nini kukisia kuwe akili kwa mtu wa London, kisha kuwe ujinga kwa mtu wa Mbagala?

Hapo niliwasema walimu. Sasa nawageukia wenzangu wanaoandika, na wasinune.

Kuna mtu akishaupata msemo wa Kiingereza anaona hasara kuuacha ulikozaliwa. Anaubeba mifupa na ngozi, anakuja kuutua katikati ya hadithi ya Kiswahili. Ndiyo tunasoma kwamba binti wa Temeke alipomwona mpenzi wake “alihisi vipepeo tumboni”. Vipepeo! Binti wa Temeke hupata tumbo joto. Ndiyo tunasoma kwamba mwenyekiti wa mtaa “alilifagia suala chini ya zulia”, na ofisi yake ni saruji tupu. Funika kombe mwanaharamu apite imekwenda wapi? Mkutano nao siku hizi “unachukua nafasi” Jumamosi. Nafasi ya nani? Kwa nini usifanyike tu kama mikutano mingine?

Na mfalme wao wote ni “mwisho wa siku”. Mchezaji akihojiwa: mwisho wa siku tunahitaji pointi tatu. Mwanasiasa: mwisho wa siku anayeumia ni mwananchi. Mwimbaji: mwisho wa siku ni Mungu tu. Jamani! Kwa hesabu ya pwani siku huisha magharibi, na usiku unaoingia tayari ni wa siku inayofuata, ndiyo maana Alhamisi jua likizama watu husema usiku wa Ijumaa. Kwa hiyo hizo pointi tatu zinatakiwa saa kumi na mbili jioni? Mwingereza akisema “at the end of the day” anamaanisha ukishapima yote. Tunayo hatimaye. Tunayo mwishowe. Tunayo yote kwa yote. Mwenye sikio la zamani akisikia habari za mwisho wa siku anaweza kudhani Kiyama kimetangazwa.

“Mbuzi wa kafara” ni wa kujadili. Neno la Kiingereza, “scapegoat”, alilitunga William Tyndale alipotafsiri vitabu vya Musa, mwaka 1530, kwa ajili ya yule mbuzi wa Walawi 16 anayetwikwa dhambi za watu na kuachiwa nyikani akiwa hai. Wa kwetu wa kafara huchinjwa. Sina ugomvi naye mkubwa, maana naye analipa yasiyo yake, na wasomaji wamemzoea. Lakini mwandishi ajue kwamba amebadilisha mbuzi.

Kuna waliovuka salama kabisa, wala siwagusi. “Kutupa taulo” haina kosa: ndondi tunazo, taulo tunaliona likitupwa ulingoni, hata asiyejua Kiingereza neno moja anaelewa kwamba pambano limekwisha. “Kupigwa kibuti” nayo, ya mtu aliyeachwa na mpenzi, picha yake ni buti, na Mwingereza anayo buti yake hiyo hiyo ya kufukuzia watu. Teke ni teke kila nchi. Kipimo changu ni shangazi. Msomee sentensi yako shangazi ambaye Kiingereza hakumpitia. Akitikisa kichwa na kusema “ehee, halafu?”, endelea. Akicheka mahali ambapo hukukusudia kuchekesha, umechemsha.

Najua watakaonijibu kwamba lugha hukua kwa kuazima. Nani kabisha? Meza tunayoandikia na leso tunayojifutia jasho zote za Wareno, na hatuwadai wala hawatudai. Lakini anayeazima ni mwenye shida. Mtu ana tumbo joto lake nyumbani, la moto kabisa, anakwenda kuazima vipepeo! Na ajabu ni kwamba mtu huyo mara nyingi ndiye yule yule aliyekaririshwa orodha. Msemo aliupewa kama kitu kikavu, neno upande huu na neno upande ule, hakuwahi kuuona ukifanya kazi ndani ya hadithi ya watu, basi na yeye anautoa mkavu hivyo hivyo. Aliyemwona yule bwana akikaa kwenye ngazi anavua viatu hawezi kuandika “alipewa gunia”. Ataandika unga umemwagika, maana alishauona.

Kwa hiyo nina maombi mawili tu. Walimu wetu wa Kiingereza, siku moja kwa wiki, siku moja tu, futeni ubao muwasomee wanafunzi kurasa tano za hadithi kwa sauti, mkifika kwenye msemo mnyamaze muwaache wabishane. Kelele zitakuwapo, mkuu wa shule atachungulia dirishani, avumilie. Na wahariri wa jarida hili, nanyi muwe wakali kidogo. Hadithi ikija na “mwisho wa siku”, mrudishieni mwenyewe amwulize shangazi. Ikija na vipepeo tumboni, kabla ya kuchapa, mwandishi aeleze kwa maandishi aliwameza lini.